Magavana wa mikoa ya Japani mwanzoni mwa karne ya 20: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa historia, na pia na watu waliokutana na jina la gavana fulani wa Japani wa enzi za Meiji (1868–1912), Taisho (1912–1926) au mwanzo wa Showa (kuanzia 1926) wakashindwa kumweka mahali pake. Majina ya Kijapani hapa yanaanza na la ukoo, kama wenyewe wanavyoyaandika.

## Mambo ya msingi

Gavana wa mwaka 1910 alichaguliwa na nani?

Hakuna mkazi wa mkoa wake aliyempigia kura. Aliteuliwa kwa jina la Kaizari, kwa pendekezo la Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha jina lake likachapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Wenyeji walilisoma humo, wakakaa kumsubiri.

Neno lenyewe ndilo linalowachanganya wengi. Mkenya akisikia "gavana" anamwona mtu aliyezunguka kaunti nzima akiomba kura. Kwa habari hizi afadhali amfikirie PC wa zamani, na Mtanzania amfikirie mkuu wa mkoa. Kwa Kijapani cheo hiki ni *chiji*, na Japani ya leo inalitumia neno lilelile kwa magavana waliochaguliwa na wananchi. Cheo kimebaki na jina lake, lakini kazi imegeuka kabisa.

Japani ilikuwa na mikoa mingapi?

Arobaini na saba, kama leo. Mwaka 1871 serikali mpya ya Meiji ilifuta himaya za mabwana wa kale na kuweka mikoa badala yake. Mwanzoni ilikuwa mingi kupita kiasi: *fu* 3 (mikoa ya miji mikubwa) na *ken* 302 (mikoa ya kawaida). Kabla mwaka haujaisha *ken* zilikuwa zimeunganishwa hadi 72, na kufikia mwisho wa 1888 ramani ilikuwa imetulia: *fu* za Tokyo, Osaka na Kyoto, *ken* 43, na Hokkaido iliyokuwa na utaratibu wake. *Fu* na *ken* zote tutaziita mikoa, kwa sababu gavana wake alikuwa wa aina moja.

Ukisoma kuhusu miaka ya kabla ya 1886 utakuta cheo cha *kenrei*. Ni kazi ileile ya ukuu wa mkoa, ila jina ni la zamani.

Alikuwa na madaraka gani hasa?

Makubwa. Polisi wa mkoa walikuwa chini yake, isipokuwa Tokyo (tazama swali la Tokyo hapo chini). Barabara, mito, madaraja, shule, afya, kilimo, mahekalu ya Kishinto na ukaguzi wa miji na vijiji, yote yalipita mezani kwake. Ghasia zikimshinda, sheria ilimruhusu kumwomba kamanda wa jeshi wa eneo hilo alete askari.

Juu yake lakini alikuwa na mabwana wengi. Wizara ya Mambo ya Ndani, iliyoundwa mwaka 1873 na Okubo Toshimichi, ndiyo iliyomwajiri, kumhamisha na kumwachisha kazi. Papo hapo Waziri wa Elimu alimwagiza kuhusu shule, na Waziri wa Kilimo na Biashara kuhusu mpunga na hariri. Kila mwaka magavana wote waliitwa Tokyo kwenye mkutano wao, wakasomewa maagizo, wakatoa taarifa, wakarudi. Mkutano wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika 1875, mwenyekiti akiwa Kido Takayoshi.

Katika ngazi za utumishi wa umma gavana alikuwa wa daraja la *chokunin*, yaani walioteuliwa kwa amri ya Kaizari mwenyewe. Mtu wa daraja hilo aliitwa *kakka*, sawa na "Mheshimiwa", ila kwa uzito ambao neno letu limekwisha kuupoteza kwa kutumiwa ovyo.

Kwani hakukuwa na baraza la mkoa?

Lilikuwapo tangu 1878, tena la kuchaguliwa. Ila waliochagua walikuwa wenye mali. Kwa sheria ya mikoa ilivyorekebishwa mwaka 1899, mpiga kura alipaswa kuwa mwanamume anayelipa kodi ya moja kwa moja ya taifa isiyopungua yen 3 kwa mwaka, na mgombea yen 10. Wanaume wote wazima walipata kura ya bunge kwa sheria ya 1925, na ya mikoa mwaka uliofuata.

Baraza lilijadili bajeti na kupiga kelele, na kelele zake nyakati nyingine zilikuwa kali. Lakini likiikataa bajeti, gavana alikuwa na njia ya kutokea: alipeleka shauri kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akipata idhini anaitekeleza bajeti yake kama alivyoiandika mwanzo. Wajapani waliita hatua hiyo *gen'an shikko*. Kwa hiyo ukisoma kwamba baraza fulani "lilimshinda" gavana, usifunge kitabu hapo. Soma ukurasa unaofuata.

## Watu wenyewe

Walikuwa samurai?

Wa kizazi cha kwanza, ndiyo, na wengi wao walitoka Satsuma na Choshu, koo zilizoangusha utawala wa shoguni, mtawala wa kijeshi wa zamani. Waliupata ugavana kwa sababu ya upande waliopigania. Aliyevuma kwa ubaya kuliko wote ni Mishima Michitsune wa Satsuma, *kenrei* wa Yamagata, Fukushima na Tochigi, aliyewalazimisha wakulima kujenga barabara hadi wakamwita zimwi.

Baada ya 1900 sura zikabadilika. Mtihani mkuu wa utumishi wa umma ulianza katika miaka ya 1890, na waliofaulu wengi walitoka kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Kijana wa namna hiyo alianza wizarani, akapelekwa mkoani kuwa mkuu wa idara, pengine akashika polisi wa mkoa, kisha akapewa mkoa mdogo wa kujaribiwa. Hara Takashi alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kati ya 1906 na 1908 aliharakisha mabadiliko haya: wazee wa Satsuma na Choshu walistaafishwa, wasomi wakaingia. Wasomi hao walijua fika ni nani aliyewapandisha, na Hara alikuwa mtu wa chama cha Seiyukai (tazama sehemu ya vyama).

Gavana alikuwa mwenyeji wa mkoa?

Kwa kawaida hapana, na wizara haikuliona hilo kuwa kasoro. Gavana alishuka stesheni, akapokewa na maofisa waliojipanga, akahamia nyumba ya serikali, na huenda hata lafudhi ya wakulima wa huko ilimpiga chenga. Aliyeujua mkoa kwa undani alikuwa karani wa ofisi ya mkoa, aliyewaona magavana wakija na kuondoka kama mabasi.

Walikaa muda gani?

Hakukuwa na muhula uliowekwa. Mwanzoni mwa karne wapo waliozeeka kazini. Hattori Ichizo alikuwa gavana wa Hyogo kuanzia 1900 hadi 1916. Omori Shoichi alikaa Kyoto kuanzia 1902 hadi 1916 vilevile, na Senge Takatomi, mtu wa ukoo wa makuhani wa hekalu kuu la Izumo, aliishika Tokyo kuanzia 1898 hadi 1908.

Hattori anastahili maneno mawili zaidi, maana ni mmoja wa wachache ambao ningependa kuketi nao kwa kikombe cha chai. Alisoma Marekani katika chuo cha Rutgers, akarudi, na mwaka 1880 akawa rais wa kwanza wa chama cha wanasayansi wa matetemeko ya ardhi cha Japani. Baadaye akapelekwa kuwa gavana wa Iwate. Akiwa huko, jioni ya tarehe 15 Juni 1896, tsunami ikaupiga mwambao wa Sanriku ikaua watu wapatao 22,000. Kati ya magavana wote wa Japani, bahari ilimkuta huyu aliyewahi kuongoza wataalamu wa matetemeko. Elimu yake haikumwokoa mtu usiku ule, kwa kuwa tetemeko lililotangulia lilikuwa dogo na hakuna aliyelitilia maanani.

Kufikia miaka ya 1920 ukaaji wa Hattori ulikuwa hadithi za wazee. Mwaka mmoja au miwili, na mara nyingine miezi tu, gavana anafungasha.

## Vyama na uchaguzi

Kwa nini walihamishwa hivyo?

Kwa sababu ya vyama. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa na funguo mbili kwa mpigo: polisi na magavana. Chama kilichoingia madarakani kilitaka zote.

Dalili zilianza 1898, pale serikali fupi ya Okuma na Itagaki, viongozi wa vyama vya siasa, ilipowapa ugavana watu wa vyama. Waziri Mkuu aliyewafuata, Yamagata Aritomo, aliyevichukia vyama, alijibu mwaka 1899 kwa kanuni iliyofunga mlango kwa wasiopita mtihani au ngazi za utumishi. Alidhani amekata mzizi wa fitina. Kumbe chama hakikuhitaji kumwingiza mtu kutoka nje. Kilitosheka kumpata ofisa aliye ndani tayari, kikampandisha. Ofisa huyo akawa na "rangi": huyu wa Seiyukai, yule wa upande wa pili, uliokuja kuitwa Minseito. Serikali ikianguka, magavana wa rangi ya walioanguka kibarua kiliota nyasi, wakarudi Tokyo kusubiri upepo ugeuke.

Kilele kilikuwa mwaka 1927. Tanaka Giichi wa Seiyukai aliunda serikali mwezi Aprili, na Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Suzuki Kisaburo, akapitisha fagio mikoani. Minseito waliporudi mwaka 1929 nao wakafagia upande wao.

Gavana aliwezaje kusaidia chama kwenye uchaguzi?

Polisi ndio waliofanya kazi hiyo. Sheria za kampeni zilikuwa na vipengele vingi, na polisi waliamua wafumbie macho makosa ya nani na wamkamate nani. Mikutano ya upinzani ilivunjwa kwa kisingizio cha usalama. Hongo ya zamani haikuhitajika sana pale gavana alipokuwa na uwezo wa kuahidi daraja, reli ya tawi au shule ya sekondari kwa kijiji kitakachopiga kura vizuri.

Ubabe wa wazi zaidi ulikuwa wa kizazi kilichotangulia: katika uchaguzi wa Februari 1892, chini ya Waziri Shinagawa Yajiro, watu 25 waliuawa kwa hesabu ya serikali, na Kochi na Saga ndizo zilizoumia zaidi. Uchaguzi wa Februari 20, 1928, wa kwanza ambao wanaume wote wazima walipiga kura, haukumwaga damu hivyo, ila mkono wa serikali ulionekana. Pamoja na fagio lote la Suzuki, Seiyukai walipata viti 217 na Minseito 216. Suzuki alijiuzulu mwezi Mei kwa shutuma za kuingilia uchaguzi. Mtindo huu ulipungua baada ya 1932, vyama vilipoondolewa madarakani na kanuni za kulinda ajira za maofisa kukazwa. Walionufaika na utulivu huo hawakuwa wapiga kura, bali warasimu na wanajeshi.

## Walichofanya, kizuri na kibaya

Kuna gavana aliyeacha jambo linalokumbukwa mpaka leo?

Wapo wawili wanaotajwa pamoja kila mara.

Wa kwanza ni Kasai Shin'ichi wa Okayama. Katika mkutano wa magavana wa mwaka 1916, Kaizari Taisho alimwuliza: maskini wa mkoa wako wana hali gani? Swali fupi, na Kasai hakuwa na jibu la maana. Alirudi Okayama akaamuru uchunguzi, akahesabu familia za tabaka la chini kabisa la kodi na zile zilizokaa nyumba za kupanga za bei ndogo mno. Ikatoka kwamba zaidi ya watu 100,000, kama mmoja kwa kila kumi, waliishi katika ufukara. Tarehe 12 Mei 1917 akaanzisha utaratibu wa washauri wa kusaidia maskini, watu wenye heshima mitaani waliopewa jukumu la kuzijua familia zao kwa majina.

Wa pili ni Hayashi Ichizo wa Osaka. Kisa chake kinasimuliwa hivi. Siku moja ya mwaka 1918 alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu usoni, macho kwenye kioo. Ndani ya kioo aliona barabara iliyokuwa nyuma yake, na pembeni mama mmoja na mtoto wake wakiuza magazeti ya jioni. Akanunua gazeti, kisha akawatuma polisi wakaangalie wanaishi vipi. Mume mgonjwa, watoto hawaendi shule. Hayashi akajiuliza ni kina mama wangapi wengine hawatokei kwenye kioo cha gavana. Oktoba mwaka huo, akisaidiwa na mtaalamu Ogawa Shigejiro, akaanzisha *homen iin*, wajumbe wa kujitolea wa mitaa.

Mfumo wa Osaka ulienea nchi nzima. Wajumbe hao bado wapo, kwa jina la *minsei iin*, na huiadhimisha tarehe ileile ya Okayama, Mei 12. Mtu anaweza kusema kisa cha kinyozi kimepambwa kidogo kwa kusimuliwa. Pengine. Wajumbe wenyewe hawakupambwa.

Na waliochukiwa?

Tochigi ndiyo doa jeusi. Mgodi wa shaba wa Ashio, mali ya ukoo wa Furukawa, ulitia sumu mto Watarase, na mashamba ya mabondeni yakafa. Mbunge Tanaka Shozo alipigania jambo hilo hadi mwaka 1901 akajaribu kumkabidhi Kaizari barua barabarani. Badala ya kuufunga mgodi, serikali iliamua kugeuza kijiji cha Yanaka kuwa bwawa la kuzuia mafuriko. Chini ya gavana Shirani Takeshi mkoa ulianza kununua ardhi, na Julai 1906 kijiji kikafutwa kwa kuunganishwa na mji jirani wa Fujioka. Familia 16 zilikataa kuondoka. Mwishoni mwa Juni 1907, Shirani akiwa ameshaondoka, polisi na vibarua wa mkoa walizibomoa nyumba hizo moja baada ya nyingine. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Hara Takashi, ambaye mwaka 1905 alikuwa makamu wa rais wa kampuni ya Furukawa.

Jambo la pili ni mahekalu. Mwaka 1906 serikali iliagiza mahekalu madogo ya Kishinto yaunganishwe, lakini kasi iliachwa mikononi mwa magavana, na hapo ndipo utakapoona tofauti ya mtu na mtu. Mikoa mingine iligusa machache. Katika mkoa wa Mie, hasa chini ya gavana Arimatsu Hideyoshi, yaliondolewa mengi mno, na Wakayama nayo iliumia. Miti mikubwa ya misitu ya mahekalu ikakatwa na kuuzwa. Mwanasayansi Minakata Kumagusu wa Wakayama alipinga kwa makala na barua, na mwaka 1910, akiwa amelewa, akaingia kwa nguvu kwenye mkutano alimokuwamo ofisa wa mkoa aliyeshabikia mpango huo. Alikaa mahabusu siku 18.

Magavana walifanya nini kwenye ghasia za mchele za 1918?

Moto uliwashwa na wake za wavuvi wa mkoa wa Toyama, waliogoma kuona mchele ukipakiwa melini huku bei ikipanda kila siku. Ghasia zikasambaa nchini, na magavana wakatumia ile haki ya kuomba askari. Serikali ya Waziri Mkuu Terauchi ilianguka mwezi Septemba. Hatua ya Hayashi iliyotajwa hapo juu ilikuja mwezi uliofuata, na si bahati tu.

## Mikoa isiyofanana na mingine

Gavana wa Tokyo alikuwa ndiye meya wa Tokyo?

Hapana, isipokuwa kati ya 1889 na 1898, ambapo magavana wa Tokyo, Osaka na Kyoto walifanya pia kazi ya meya. Baada ya hapo jiji la Tokyo lilikuwa na meya wake ndani ya mkoa wa Tokyo. Ozaki Yukio, aliyepeleka miche ya micheri Washington mwaka 1912, alikuwa meya. Goto Shinpei naye. Wakati wa tetemeko kubwa la Septemba 1, 1923, gavana alikuwa Usami Katsuo. Jiji na mkoa viliunganishwa Julai 1943.

Gavana wa Tokyo hakuwa na polisi pia. Polisi wa mji mkuu walikuwa na mkuu wao aliyewajibika moja kwa moja kwa wizara.

Okinawa na Hokkaido je?

Hokkaido haikuwa na *chiji* bali *chokan*, mkuu wa ofisi ya maendeleo ya kisiwa, na baraza lake lilianza 1901 tu.

Okinawa, iliyokuwa ufalme wa Ryukyu hadi 1879, ilitawaliwa kuanzia 1892 hadi 1908 na mtu mmoja, Narahara Shigeru wa Satsuma, koo ileile iliyouvamia ufalme huo mwaka 1609. Walimwita mfalme wa Ryukyu, na hawakuwa wakimsifu. Chini yake umiliki wa ardhi ulipangwa upya, kazi iliyokamilika 1903. Jahana Noboru, mtoto wa wakulima wa Okinawa aliyesomea kilimo Tokyo na kurudi kuwa ofisa, aligombana naye juu ya ardhi, akaacha kazi 1898 na kuanza kudai haki ya kura. Alishindwa, akapoteza akili, akafa 1908, mwaka uleule Narahara alioondoka. Baraza la mkoa lilikuja 1909.

Gavana wa Korea au Taiwan ni wa kundi hili?

Hapana. Huyo ni *sotoku*, gavana mkuu wa koloni, cheo cha juu zaidi kilichoshikwa kwa muda mrefu na majenerali. Chini yake walikuwapo wakuu wa majimbo, na hao ndio wanaofanana na *chiji* wa kwetu hapa. Korea iligawanywa majimbo 13.

Kulikuwa na gavana mwanamke?

Hakuna. Wanawake hawakuwa na kura hadi 1945, na gavana wa kwanza mwanamke, Ota Fusae wa Osaka, alichaguliwa mwaka 2000.

Uteuzi ulikoma lini?

Wananchi walipiga kura ya magavana kwa mara ya kwanza Aprili 5, 1947, na sheria mpya ya serikali za mitaa ikaanza Mei 3. Wizara ya Mambo ya Ndani ilivunjwa siku ya mwisho ya mwaka huo. Baadhi ya walioteuliwa waligombea wakashinda, kama Kishida Yukio wa Hyogo. Hokkaido walimchagua Tanaka Toshifumi, ofisa mdogo wa misitu wa umri wa miaka 35 aliyeongoza chama cha wafanyakazi cha ofisi hiyohiyo ya Hokkaido.

Kwa nini jina moja linaonekana kwenye orodha za mikoa minne?

Mara nyingi ni mtu yuleyule aliyehamishwa. Linganisha tarehe: akitoka mkoa mmoja mwezi ule anaoingia mwingine, ndiye. Pengo la miaka miwili kati ya mikoa kwa kawaida lina maana chama chake kilikuwa nje. Angalia pia herufi za Kijapani, kwa sababu jina moja linaweza kusomwa kwa njia mbili: Hara Takashi na Hara Kei ni mtu mmoja.